Onyo la Mvua Lipewe Mtu wa Kulitekeleza: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Dar es Salaam

Kwa Ofisi ya Makamu wa Rais inayosimamia mazingira, Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia maafa, TAMISEMI, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, wakuu wa wilaya zetu tano, wakurugenzi, mameya na madiwani.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari na mkazi wa Kigogo, kando ya bonde la Msimbazi. Nina ombi moja kwenu, na yote nitakayoyasema yanalitetea hilo: kila onyo la mvua kubwa linalotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) liwe na mtu wa kulitekeleza. Atajwe kwa cheo chake, ajue mapema afanye nini na kwa fedha ipi, na aulizwe asipofanya.

TMA wanatabiri vizuri kuliko sifa tunazowapa. Ramani zao za siku tano zina ngazi zinazoeleweka hata na mwanafunzi wa kidato cha kwanza: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kabla ya vuli ya 2023 walitangaza waziwazi kwamba El Niño, yaani kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki, inakuja na kwamba mvua zitazidi wastani. Zikazidi kweli. Zikaungana na masika ya 2024, na tarehe 25 Aprili mwaka huo Waziri Mkuu akaliambia Bunge kwamba watu 155 wamefariki nchini, 236 wamejeruhiwa na zaidi ya 200,000 wameathirika. Utabiri tulikuwa nao miezi mingi kabla. Tulichokosa ni hatua za kufuata baada yake.

Huku kwetu onyo hufika kama picha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, au kama habari fupi ya redioni, na mwisho wake huwa ni uleule: wananchi wanaoishi mabondeni wachukue tahadhari. Mama aliyepanga chumba kimoja Kigogo Mbuyuni, ana watoto watatu, aifanyie nini sentensi hiyo saa nne usiku? Aende wapi? Shule gani itafunguliwa, na ufunguo anao nani? Godoro, jiko na unga wa vitumbua vya kesho avibebe kwa gari la nani? Akiondoka, nani atalinda mlango wake? Kwa hiyo anafanya kile anachokiweza. Anapandisha kitanda juu ya matofali, analaza watoto juu ya meza, anakesha akisikiliza mto. Kisha siku ya pili tunasikia akilaumiwa kwa ukaidi.

Mniruhusu hapa nieleze kidogo sayansi yenyewe, kwa sababu maamuzi mengi mabaya hutokana na kuielewa nusunusu. Si elimu ya juzi. Mwaka 1859 John Tyndall alipima maabarani, London, jinsi baadhi ya gesi za angani zinavyozuia joto lisitoroke. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikokotoa kwamba hewa ukaa ikiongezeka, dunia nayo itapata joto. Tangu 1958 hewa ukaa inapimwa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Walianza na sehemu kama 315 katika kila milioni ya hewa. Leo zimepita 420. Kabla ya viwanda vya makaa ya mawe kushamiri Ulaya zilikuwa kama 280. Katika mwongo wa 2011 hadi 2020 uso wa dunia ulikuwa na joto zaidi kwa takriban nyuzi 1.1 kuliko nusu ya pili ya karne ya 19, na 2024 ndio mwaka uliokuwa na joto kali kuliko yote iliyowahi kupimwa.

Nyuzi moja inaonekana ndogo. Lakini kila hewa inapopata joto la nyuzi moja zaidi, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7. Wingu linalomwaga leo juu ya Pugu lina uwezo wa kumwaga maji mengi kwa muda mfupi kuliko lile lililowanyeshea babu zetu. Ongezea bahari, ambayo tangu mwanzo wa karne ya 20 imepanda kwa wastani wa sentimeta 20 hivi duniani. Mto Msimbazi ukishuka umejaa kuelekea Daraja la Salenda, unapoingia baharini, na maji ya bahari nayo yamekupwa kidogo tu au yanajaa, maji ya mto hayana pa kwenda. Yanarudi Jangwani.

Kwetu Dar es Salaam kuna jambo jingine, na natamani kila diwani alijue. Mvua zetu za vuli zinategemea sana joto la Bahari ya Hindi. Upande wetu wa magharibi ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli hufurika, kama ilivyokuwa 2019. Hali ikigeuka, vuli hukauka. Ndivyo ilivyokuwa 2022, na jiji hili likaingia kwenye mgawo wa maji mwezi Oktoba kwa kuwa Mto Ruvu ulipungua mno. Kutoka mgawo ule hadi mafuriko ya Aprili 2024 ni miezi 18. Watu walewale waliopanga ndoo foleni usiku wa manane wakisubiri bomba litoe, ndio waliotoa maji ndani kwa ndoo hizohizo.

Nimesema hayo, lakini tafadhali msiyatumie kama kichaka cha kujificha. Wanasayansi waliochunguza mvua za Machi hadi Mei 2024 katika Afrika Mashariki walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliziongezea ukali kwa kama asilimia 5. Wakasisitiza pia kwamba miji inayokua haraka bila mipango ndiyo iliyofanya madhara yawe makubwa hivyo. Nawafundisha wanafunzi wangu waheshimu makadirio ya namna hii hata yanapopunguza uzito wa hoja tunayoipenda. Asilimia 5 ni ya anga. Mtaro ulioziba, karavati jembamba, mkondo uliojengewa ukuta na onyo lisilo na mtekelezaji ni vya kwetu wenyewe, na hatuhitaji kumsubiri mtu yeyote wa Washington wala Beijing ili tuvishughulikie.

Tunaweza, na tumeshafanya. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, TMA walitoa taarifa baada ya taarifa, na huduma za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Hakuna abiria aliyeambiwa achukue tahadhari kisha aachwe aamue mwenyewe kama atapanda. Baharini kuna mwenye mamlaka ya kusema leo hakuna safari, anajulikana, na anasikilizwa. Kwa nini bonde la Msimbazi, la Mto Tegeta, la Kizinga na la Mlalakua yasiwe na mtu kama huyo?

Bangladesh haikuwa nchi tajiri ilipoamua. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua huko watu wasiopungua 300,000. Baada yake wakaanzisha mpango wa wanavijiji wa kujitolea wenye vipaza sauti, bendera na baiskeli, pamoja na majengo imara ya kukimbilia. Kimbunga Sidr cha 2007 kilikuwa kikali mno na kiliua zaidi ya watu 3,000. Ni vifo vingi, kila kimoja na msiba wake, lakini tofauti na 1970 kila mtu anaiona. Vimbunga havikupungua nguvu. Kilichobadilika ni kwamba kila kijiji kilijua nani anapita na kipaza sauti, na watu wanakimbilia wapi.

Ninachoomba kinatosha kuandikwa kwenye karatasi moja kwa kila mtaa. Likitoka angalizo, mtendaji na mwenyekiti wa mtaa pamoja na wajumbe wa mashina wanapita nyumba za kandokando ya mto na kuhakiki orodha ya wazee, wagonjwa, wajawazito na watu wenye ulemavu. Orodha hiyo iwe imeandikwa zamani, isianze kuandikwa mvua ikiwa imeshika. Ikitoka tahadhari, shule iliyotajwa inafunguliwa, ufunguo una mwenyewe, maji na vyoo viko tayari, gari la manispaa linaegeshwa pahali panapojulikana kwa ajili ya vyombo vya watu. Ikitoka tahadhari kubwa, watu wanahamishwa, masomo yanasitishwa kwa tamko la mkurugenzi kabla ya watoto kutoka nyumbani alfajiri, na barabara inafungwa kabla maji hayajapita juu yake. Nimeona bodaboda wakivushwa kwenye maji ya magotini huku kila mtu akitazama. Barabara ya namna hiyo ilipaswa kuwa imefungwa saa nyingi nyuma.

Msisahau ulinzi. Wengi wanaobaki ndani maji yakipanda hawabaki kwa kutojua. Wanaogopa vibaka. Ukimwambia fundi cherehani aache mashine yake aende kulala darasani, atakuuliza nani anailinda, na swali lake ni la haki. Karatasi hiyo iseme polisi jamii wangapi watapita mtaa ule usiku ule, na wanaripoti kwa nani. Bila hilo mengine yote yatabaki maandishi.

Fedha nazo. Mtendaji wa mtaa hana hata shilingi ya kununulia betri za kipaza sauti. Akitaka gari lazima aandike dokezo, dokezo lipande kata, lipande wilayani, lirudi na maswali, na wakati huo maji yameshaingia chumbani. Wekeni fedha ya dharura kwenye ngazi ya kata kabla ya Machi na kabla ya Oktoba. Iwe ndogo, ikaguliwe kama fedha nyingine yoyote ya umma, lakini iwepo. Miezi yetu ya mvua tunaijua. Kwa hiyo sioni sababu ya kuiita dharura kila mwaka kisha kuitafutia fedha kila mwaka upya.

Wala hatuanzi bila kitu. Kuanzia 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka na wakazi kwenye kata zinazofurika, wakachora nyumba, mitaro, vichochoro na mahali maji yalipofika. Wazee wa mitaa waliwaonyesha alama ukutani. Sijui nchi ngapi jirani zina hazina ya namna hiyo. Ramani hizo ziwe mezani kwa kila mtendaji, zichapishwe kwa ukubwa, zibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na mtu yeyote anayetaka kupanga chumba aweze kuona kabla hajalipa kodi ya miezi sita.

Kuhusu mitaro nitakuwa mfupi, maana yamesemwa sana. Isafishwe kabla ya msimu, na tope linalochimbuliwa libebwe siku hiyohiyo. Likiachwa pembezoni, mvua ya kwanza inalirudisha lilikotoka na fedha ya kulichimbua imepotea. Halafu kuna jambo la kitaalamu lisilo na wasemaji wengi: hesabu zinazotumika kupanga upana wa mtaro na kimo cha daraja hutegemea kumbukumbu za mvua za miaka iliyopita. Kama kumbukumbu hizo hazijaongezewa mvua za Desemba 2011, zilizokuwa nzito kuliko zote jijini kwa zaidi ya nusu karne na zikaua watu zaidi ya 40, wala za 2019 na 2024, basi tunajenga miundombinu ya nchi ambayo haipo tena. Naomba kila mkataba mpya wa barabara na mtaro Dar es Salaam utaje hadharani umepimwa kwa mvua ya kiasi gani na kwa takwimu za miaka ipi.

Sasa niseme kuhusu kuhama, kwa kuwa najua mtaniambia dawa ya kweli ni watu kutoka mabondeni. Ni kweli kwa sehemu. Mpango Mkuu wa Jiji wa 1979 ulishayataja mabonde ya mito kuwa maeneo hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto. Hata hivyo watu wamejenga, wakaungiwa umeme, na tangu 2021 kodi ya jengo wanakatwa kwenye LUKU, wanaponunua umeme. Serikali inayochukua kodi ya jengo bondeni haiwezi kusema haikujua kwamba jengo lipo. Meta 60 nazo zipimwe kwa kila mtu. Kibanda cha mabati kikivunjwa huku ukuta mrefu wa tofali uliosogezwa ndani ya mkondo ukiachwa, watu wanaona, na siku mtakapowaita tena kwenye mkutano wa kuhama hawatakuja.

Baada ya mafuriko ya 2011 familia nyingi zilipelekwa Mabwepande. Viwanja vilipatikana, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mtu anayebeba mizigo Kariakoo au anayeuza samaki Feri hawezi kutoa nauli ya kutoka Mabwepande kila alfajiri akabaki na cha kula, na baadhi walirudi walikotoka. Leo tuna Mradi wa Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa 2022, na daraja jipya la Jangwani ni sehemu yake. Nauunga mkono kwa dhati. Naomba tu mwenye nyumba asiwe ndiye pekee anayehesabiwa. Mpangaji anayeondoka bondeni bila msaada huenda kupanga bonde la pili, mara nyingi karibu zaidi na maji, kwa sababu huko kodi ni nafuu. Nyumba za kupanga za bei ndogo, karibu na kazi, ni sehemu ya kujikinga na mafuriko sawasawa na ukuta wa mto.

Hao waliobaki bondeni wasipohudumiwa, gharama haibaki bondeni. Mvua ikinyesha wapo wanaotapisha vyoo ili maji yachukue uchafu, maana gari la kunyonya haliingii kwenye vichochoro vyao na bei yake hawaiwezi. Uchafu huo unapita Kigogo, unapita Jangwani, unaingia baharini. Kipindupindu kilichoanza Kinondoni Agosti 2015 kilisambaa nchi nzima. Waheshimiwa, hili linaweza kuzuiwa kwa huduma ya bei nafuu ya kunyonya vyoo kabla ya masika, inayofika mahali gari kubwa lisipofika.

Upande wa kiangazi, Ruvu ni wetu sote. Mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda ulisainiwa Novemba 2022, wakati bado tunapanga ndoo, na likikamilika litasaidia mto usikauke miezi ya ukame. Huku tukisubiri, sielewi kwa nini shule zetu nyingi zina mapaa makubwa ya mabati yasiyo na mifereji wala tangi. Maji yanayomiminika kwenye uwanja wa shule mwezi Aprili ndiyo watoto wanayoambiwa waje nayo kwenye madumu mwezi Oktoba.

Mnapokwenda kwenye mikutano mikubwa ya dunia, tunawaombea na tunawaunga mkono. Tanzania imechangia kidogo sana kuichafua anga hii na ina haki ya kudai. Ilipokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 kwamba uanzishwe mfuko wa hasara na madhara, na Dubai mwaka uliofuata ukaanza kuwekewa fedha, wengi tulifurahi. Lakini mtakapoandika maombi ya fedha hizo, andikeni na mtaa ndani yake: kiasi gani kitafika kata ya Kigogo, Vingunguti, Tandale, Mbagala, na mwananchi atasoma wapi taarifa ya matumizi. Fedha ya tabianchi ikiishia kwenye semina na magari, mwanafunzi wangu anayekosa shule wiki nzima kila masika atakuwa na haki ya kuniuliza ninachomfundisha kina maana gani.

Naomba pia muwaite TMA na kampuni za simu wakae meza moja, ili onyo la ngazi ya juu lifike kama ujumbe wa simu kwa kila aliye ndani ya eneo husika, kwa Kiswahili kifupi, likitaja jina la shule ya kukimbilia na namba ya kupiga. Wazee wasiosoma simu watapata kwa kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa na mjumbe wao. Kwa kazi hii nawahakikishia hamtakosa watu. Vijana wa mitaa yetu huingia majini kuokoa majirani bila kamba wala maboya, na wengine wamepotelea humo. Wapeni mafunzo na vifaa, muwaandikishe, na wakiumia watibiwe.

Mabaraza ya madiwani yatakaa kupitisha bajeti kabla ya masika kuanza Machi, na utabiri wa msimu hutolewa kabla yake. Naomba kila mkurugenzi afike kwenye kikao hicho na karatasi ya kila mtaa wa bondeni, ikiwa na majina ya vyeo, namba za simu, shule iliyoteuliwa na kiasi cha fedha kilichotengwa, na ibandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa siku hiyohiyo. Mtaa wetu uko tayari kuanza. Orodha ya wazee na wagonjwa wa kandokando ya mto tunaweza kuwakabidhi mtakapoihitaji.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa jiografia, mkazi wa Kigogo
Dar es Salaam